Usioshe Valvu Kabla Hujaisoma

Juzi fundi mmoja wa hapa Berea, mtu mzima mwenye gereji yake, aliniletea valvu za gari la mteja nizitazame. Kazifunga kwenye taulo safi. Nilipofungua nikakuta zinang'aa utadhani zimetoka dukani. Nikamuuliza, umezifanya nini? Akasema, "Mzee Beka, nimezisugua kwa petroli na brashi ya waya. Niliona haya kukuletea uchafu." Nikamfungia taulo lake nikamrudishia. Nikamwambia, bwana, umempiga mgonjwa mswaki halafu unaniuliza jana alikula nini.

Alinuna. Anune tu. Ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii mtanuna pia, lakini nasema: uchafu wa valvu ndio barua ya injini... hapana, barua neno kubwa. Uchafu wa valvu ni rangi tu. Ila rangi ile ukiijua, utajua gari linaumwa nini kabla mwenyewe hajamaliza kulalamika. Mimi Bakari, mtoto wa Tanga, nimekula na kusomesha wanangu hapa Johannesburg kwa kuangalia rangi ile. Sasa magoti yamekataa kuinama, nimebaki na kiti changu pale yadi, nyuma ya lile ghorofa la zamani tunalopanga wote, Watanzania, Wakongo, Warundi, na Wakenya wachache wanaopiga kelele kutushinda. Macho bado yangu. Mdomo nao mnausikia.

Kwa asiyejua kabisa, nieleze. Kila silinda ya injini ina milango midogo ya chuma, ndiyo valvu. Mmoja unafunguka kuingiza hewa na petroli, mwingine unafunguka kutoa moshi. Inakaa juu, ndani ya hedi, kile kichwa cha injini. Huioni mpaka ufungue hedi. Valvu ya moshi ndiyo inayopitiwa na moto siku zote za maisha yake, kwa hiyo ndiyo inayojua siri za ndani. Ukitaka umbea wa nyumba, muulize anayelala jikoni.

Msidhani nilizaliwa najua. Nilipofika mji huu nilijiona fundi kweli kweli. Tanga nilikuwa nasifiwa kwa usafi. Mteja akija kuchukua gari, anakuta hata boliti zimefutwa. Nikapata kazi kwa mzee mmoja Mzulu, Baba Sithole, mtu mfupi, mpole, asiyepandisha sauti hata nyundo ikimwangukia mguuni. Siku ya kwanza kunipa hedi niifungue, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ujuzi. Nikafungua, nikatoa valvu zote, nikaziloweka, nikazisugua mpaka nikajiona usoni. Nikampangia mezani. Baba Sithole akazitazama muda mrefu. Akasema, "Hhayi, wena, we kijana. Umefuta ubao kabla mwalimu hajasoma." Halafu akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akatoa kitambaa. Yule mpole niliyemwogopa. Nikaona aibu kuliko kama angenitukana.

Tangu siku hiyo alinifundisha kwa utaratibu wake, na utaratibu huo ndio nawapa ninyi, bure. Chukua boksi la chipsi pale spaza, kile kiduka cha mtaani, litoboe matundu kwa bisibisi, uandike silinda ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho. Kila valvu ukiitoa, ichomeke kwenye tundu lake. Usichanganye. Toka nalo nje, kwenye jua, maana taa ya balbu inadanganya, inafanya kila kitu kiwe rangi ya chai. Kisha pita ukucha. Masizi makavu yatabaki kidoleni. Mafuta yatateleza. Ugaga uliokaushwa na moto utakuparuza. Nusa pia. Watu wanaona aibu kunusa chuma. Mimi sioni.

Halafu, kabla ya kusema neno, tazama majirani. Hili wengi hawalifanyi. Zikiwa zote rangi moja, ugonjwa ni wa wote: petroli, hewa, kabureta, kitu wanachokula pamoja. Ikiwa moja tu imetofautiana na wenzake, usihangaike na kabureta, nenda kwenye silinda ile ile. Nyumba nzima ikikohoa, angalia moshi wa jikoni. Akikohoa mmoja, mpeleke hospitali.

Valvu ya moshi yenye afya ni kahawia, rangi ya andazi lililoiva vizuri. Ukiiona hivyo, funga, mwambie mteja akatafute ugonjwa kwingine. Nyeusi kavu, ile ya masizi ya sufuria ya kuni, maana yake petroli nyingi kuliko hewa. Nyeusi ya kuteleza ni oili inapita mahali isipoalikwa, ama ringi za pistoni zimechoka, ama sili za valvu zimekauka. Nilikuwa na mteja Mrundi, mlinzi wa usiku, mtu mwema mno, aliyekuwa akiongeza oili kila akipata nafasi kwa huruma. Anasema gari limezeeka, linahitaji lishe. Nilipofungua hedi yake valvu za kuingizia zilikuwa na mabonge ya lami. Nikamwambia ndugu yangu, hiyo si huruma, unamlisha mtu kwa pua.

Na kuna valvu safi. Safi yenyewe, bila mtu kuiosha. Hiyo mkiiona muogope. Bwana Suleimani wa Unguja, muuza nguo Marshalltown, alikuwa kila asubuhi anakuta maji ya rejeta yamepungua. Chini pakavu, hakuna tone. Akaamua kwamba mlinzi wa maegesho anamwibia maji ili aoshee magari ya watu. Nawaambia kweli, alikwenda kununua mnyororo na kufuli, akafunga boneti. Maji yakaendelea kupungua. Akaniletea gari na mnyororo wake. Nilipotoa hedi, valvu tatu za moshi kahawia, ya silinda ya pili inameta. Maji yalikuwa yanavuja ndani ya silinda kupitia gasketi, yanageuka mvuke, yanaiosha valvu kila inapofunguka. Nikamwonyesha, nikasema mwizi wako huyu hapa. Alirudi Marshalltown kumwomba radhi yule mlinzi. Mlinzi hakuwahi kujua alikuwa anashukiwa, ikabidi aelezwe kwanza ndipo asamehe.

Mashine zenu za kuchomeka mimi nazipenda, msinisingizie. Unachomeka waya, inakwambia silinda ya tatu haichomi. Vizuri. Hata ile kamera ndogo ya kupitisha kwenye tundu la plagi, nikaona valvu kwenye simu bila kufungua hedi, nilipoiona mara ya kwanza nilimkumbuka Baba Sithole, Mungu amrehemu, nikatamani aione. Lakini mashine inakwambia nani analia. Haikwambii nani kampiga. Hilo unalitafuta mwenyewe, na ukilitafuta vibaya, unaweza kumpiga asiyehusika. Ndiyo maana nataka mnisikilize habari ya Mama Nabintu.

Mama Nabintu ni mjane, mwenyeji wa Bukavu, Kongo. Ana kombi ya zamani, ya kabureta, anayobebea watoto wa shule. Anawakusanya asubuhi kwenye maghorofa ya Berea, anawapandisha kilima cha Observatory, mchana anawarudisha. Watoto wa watu. Wazazi wengi wanatoka alfajiri kwenda kazini, wanamwachia mtoto na hawamwoni tena mpaka jioni. Kazi ile haiendeshwi kwa petroli tu. Inaendeshwa kwa kuaminiwa, na akiaminika ndipo anakula.

Kombi ilikuwa ikitengenezwa na Selestini, rafiki yangu, fundi kutoka Lubumbashi, aliyekuwa kona ya pili ya yadi ile ile. Mikono ya Selestini sijaona mfano. Lakini ulimi wake unatangulia mikono, na nilikuwa nimemwambia mara nyingi.

Sasa mjue jambo moja kuhusu mji huu. Johannesburg iko juu sana, hewa yake nyepesi. Waulizeni mama zenu kwa nini maharage hapa hayaivi. Mke wangu alipokuja kutoka Tanga alinuna wiki nzima, akidhani nimemnunulia maharage mabovu. Si maharage, ni mwinuko. Basi injini nayo inavuta hewa nyepesi hiyo. Gari la kabureta lililotoka pwani likifika hapa, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, valvu zinakuwa nyeusi, kilima kinalishinda. Kombi ya Mama Nabintu ilikuja hivyo, imenunuliwa Durban. Selestini akaitibu vizuri: akabadilisha jeti, kile kitundu cha shaba kinachopima petroli, akaweka dogo zaidi, na moto wa plagi akauwahisha kidogo. Kombi ikapanda Observatory inaimba. Nilitazama kazi ile mwenyewe. Valvu zikawa rangi ya andazi. Nikampongeza.

Ilipofika Desemba, Mama Nabintu akawabeba akina mama wa kwaya ya kanisa lao na watoto wao, wakaenda Durban kuona bahari. Siku kadhaa wakazunguka huko, joto kali, gari limejaa. Wakati wa kurudi, kwenye mlima mrefu, kombi ikaanza kutetemeka na kuishiwa nguvu. Silinda moja imekufa. Wakasukuma, wakakaa pembeni ya barabara na watoto juani, mwisho wakavutwa mpaka nyumbani.

Selestini alikuwa saluni ya Wakongo wenzake ananyolewa ndevu alipopata habari. Hajaiona kombi. Hajafungua hata boneti. Akasema mbele ya watu, "Ile motoka nilifunga muzuri. Ye njo aliiachilia ichemke. Bamama habaangalie ile sindano ya moto." Sindano ya moto ni ule mshale wa joto la maji pale mbele ya dereva.

Basi. Neno likatoka. Saluni ya Wakongo ukisema jambo asubuhi, mchana limeshapanda ghorofa zote. Likageuka: Mama Nabintu aliendesha gari linachemka na watoto ndani. Likageuka tena: aliambiwa asimame akakataa. Watu wakaanza kusema lisemwalo lipo. Angekuwa mwanaume, wangesema barabara mbaya. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Mama mmoja Mkenya akaja kumwambia kwamba pacha wake mwaka huu watapelekwa na mtu mwingine. "Si kwamba sikuamini, Mama Nabintu. Ni baba yao." Mwingine hakuja hata kusema, akatuma ujumbe kwenye simu. Kila siku mtoto mmoja anapungua.

Akaja yadi. Nilidhani anakuja kuuliza kombi itapona lini. Hakuuliza. Alisimama mbele ya kiti changu, kitenge kakifunga vizuri, akasema, "Papa Bakari, ninakuomba ufungue ile injini mbele ya batu. Bazazi bote. Mi sikuiacha ichemke. Nilikuwa naangalia sindano saa yote, juu nilikuwa na batoto ba batu. Lakini kama utafungua na ukute ni mimi, sema ni mimi. Nitatafuta kazi ingine."

Nilikuwa mwaka wangu wa mwisho wa kazi. Nawaambieni ukweli, nilitamani aende kwa fundi mwingine. Selestini ni rafiki yangu. Tumekula pamoja, tumezika pamoja. Nikifungua nikakuta ni mama, nimemmaliza mjane mwenye kazi moja. Nikikuta ni Selestini, nani tena atamletea gari? Lakini mtu akikuomba ukweli amesimama vile, utamwambia nini? Nikasema, Jumamosi saa nne asubuhi. Jua likiwa zuri.

Nikamwendea Selestini. Nikamwambia, Jumamosi njoo, na usiiguse kombi kabla. Akasema, "Vieux, mzee wangu, nawe unanidhania?" Nikamwambia mimi simdhanii mtu, ndiyo maana nafungua.

Jumamosi wakaja. Wazazi, akina mama wa kwaya, na wale wasiohusika ambao hawakosekani. Nikaanza na maji. Mtu akichemsha injini, rejeta inatapika, maji yanabaki na kutu na mafuta. Nikafungua kifuniko, nikachota, nikawapitishia kikombe. Maji masafi, rangi yake ile ile ya dawa ya rejeta. Nikatoa hedi. Gasketi imekaa imeshika pande zote, hakuna mahali pamepigwa na moto. Nikachukua rula ya chuma, nikailaza juu ya uso wa hedi, nikamwita yule mama Mkenya. Nikamwambia inama, tazama chini ya rula, unaona mwanga unapita? Akasema haupiti. Nikamwambia hedi iliyochemka inapinda, mwanga unapita. Hii haijapinda. Akanyanyuka, nikamwona anamtazama Mama Nabintu.

Halafu nikatoa valvu, moja moja, nikachomeka kwenye boksi. Nilipotoa ya kwanza ya moshi, niliijua rangi ile. Nyeupe. Ya pili nyeupe. Ya tatu nyeupe, na ukingo wake umeliwa kipande, pale ndipo silinda ilipofia. Ya nne nyeupe. Zote chokaa tupu. Zote rangi moja.

Sikutaka kusema mimi. Nikalichukua boksi, nikatoka nalo juani, nikamwita. "Selestini, njoo usome."

Akaja. Akapita ukucha. Nilimwona anaanza na ya kwanza, akafika ya nne, akarudi ya kwanza. Fundi mzuri huwezi kumficha rangi.

"Ni kiu," akasema polepole. "Ilikosa petroli. Zote."

"Nani aliipunguzia petroli?"

"Mimi." Kisha akanitazama, na nikaona kwamba haelewi kweli, hajifanyi. "Lakini hapa ilikuwa muzuri, Vieux. Uliona mwenyewe. Ilikuwa brown muzuri."

Ilikuwa nzuri, ni kweli. Nikamuuliza, wewe umewahi kufika baharini? Akasema hapana. Kazaliwa Lubumbashi, ambako ni juu. Kapita Zambia, juu. Kafika hapa, juu. Maisha yake yote kafunga kabureta za milimani. Mimi nimekulia Tanga. Magari ya mboga yalikuwa yanateremka kutoka Lushoto kwenye baridi, yanafika kwetu kwenye joto na hewa nzito, na yale yaliyokaa siku nyingi bila kabureta kufunguliwa petroli zaidi yalianza kugonga injini, kisha kuungua valvu. Fundi wa Tanga analijua hilo kabla hajaota ndevu. Hewa ya pwani ni nzito. Gari lililopimiwa petroli ya Johannesburg likifika Durban linapewa hewa tele na petroli ile ile kidogo. Na moto wa plagi uliowahishwa ndio kabisa. Linawaka moto mkali ndani, valvu zinaungua, na sindano ya maji imekaa pale pale katikati, haisemi kitu. Mama wa watu anaitazama, anaona salama, anaendesha.

Niliwaeleza wazazi hivyo hivyo, kwa mfano wa maharage. Walielewa haraka kuliko mafundi.

Ningeweza kuishia hapo. Selestini hakufanya kosa la uzembe. Hakuna aliyemwambia kombi itaenda pwani, na angeambiwa asingejua la kufanya. Mimi nilijua, na sikuulizwa. Kwa hilo simlaumu hata leo. Lakini niliona anaanza kukusanya spana zangu chini, kazi isiyo yake, ili asiinue uso. Nikakasirika. Nilikasirika kwelikweli. Nikamwambia, "Acha spana. Saluni ulisema kwa sauti. Hapa unanong'ona?"

Akanyanyuka. Mtu mrefu yule, lakini siku hiyo alikuwa mfupi. Akawageukia wazazi.

"Mama Nabintu hakuchemsha motoka," akasema. "Ni vile mi niliifunga. Iliungua juu ya kazi yangu. Ye aliendesha muzuri."

Baba mmoja akasema kutoka nyuma, "Lakini wewe ndiye ulisema."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Selestini akafuta mikono kwenye suruali. Nilidhani atatafuta maneno, maana maneno anayo. Akasema, "Sikuwa nimefungua."

Ninyi vijana, hilo jibu lishikeni kuliko rangi zote nilizowapa. Mafundi wangapi wamesema kabla hawajafungua? Ni mteja, ni petroli ya kituo fulani, ni fundi aliyetangulia. Tunasema tu, maana kusema hakuchafui mikono. Na mteja anaondoka na sifa mbaya ambayo, tofauti na valvu, hatuna pa kuisaga wala kuibadilisha.

Mama Nabintu wakati wote huo alisimama kando ya kombi yake. Hakushangilia, hakumtukana mtu. Aliliendea boksi, akazitazama valvu zile nyeupe kwa karibu, akauliza, "Hii njo ilikuwa inanihukumu?" Nikamwambia hii ndiyo iliyokutetea, mama. Akatikisa kichwa, akaenda kukaa kwenye ndoo, akalia kidogo, akina mama wa kwaya wakamzunguka. Mimi nami nilikwenda kunawa mikono ambayo haikuwa na haraka ya kunawa.

Selestini akatengeneza kombi ile mwenyewe. Alikaa na valvu mpya na kijiti chake na ile dawa ya mchanga, anasaga kwa mikono, anazungusha kushoto kulia, anatazama, anarudia. Hakupiga hadithi siku zile. Alitia jeti la hapa, na jeti kubwa la pwani akalifunga kwa waya mdogo kando ya kabureta, akamwelekeza Mama Nabintu kwamba akitaka kwenda pwani, apite kwanza yadi. Mama alisikiliza, akajibu "sawa", akachukua funguo. Asante hakusema, na mimi nilimpa haki yake.

Wazazi? Wengine walirudi. Pacha wa yule mama Mkenya walirudi, na alileta mwenyewe maandazi kwa aibu. Wengine hawakurudi. Ndivyo lilivyo neno likishatoka, unalisahihisha lakini haliji lote. Mama Nabintu alijua. Siku ya kufungua shule aliwasha kombi asubuhi mbele ya ghorofa letu, na nilipochungulia kutoka dirishani niliona siti za nyuma tupu. Wazazi wamesimama na watoto, kila mmoja anamtazama mwenzake kama bado kuna anayesubiri mwingine atangulie.

Ndipo nikamwona Selestini anakuja kutoka kona ya robot, zile taa za barabarani. Kamshika mkono binti yake mdogo, sare mpya, soksi nyeupe mpaka magotini, begi kubwa kuliko mgongo. Mtoto wake wa pekee. Tangu aanze shule hakuwahi kumwachia dereva yeyote, alikuwa akimpeleka mwenyewe kwa miguu mpaka juu Observatory, mvua ama jua, halafu anachelewa kazini, na tulikuwa tunamcheka kwa hilo. Akawapita wale wazazi wote, hakumsalimu mtu. Akafika kwenye mlango wa kombi.

"Mama," akasema, "iko nafasi?"

Mama Nabintu alimtazama. Kisha akamwinamia mtoto, akamweka vizuri ukosi wa shati.

"Amekunywa chai?" akauliza.

"Amekunywa."

Akamfungulia mlango wa mbele, akamkalisha kando yake.